Ng'ombe hana meno ya mbele ya juu, kamongo hufa maji: maajabu ya wanyama ambayo mtoto wa Mwanza anaweza kuyaona mwenyewe

Wiki iliyopita nilikuwa Buhongwa kwa mama mmoja anayefuga ng'ombe wa maziwa. Nilikuwa nimemfungua mtamba mdomo, natazama ulimi wake. Watoto watatu walishakaa juu ya ukuta wa zizi. Daktari wa mifugo akifika mtaani, watoto humjua kabla hata mwenye ng'ombe hajatoka ndani. Mmoja wao, wa darasa la tatu hivi, akaniuliza: "Daktari, huyu meno ya juu yameng'oka?"

Sikumjibu. Nilimwita ashuke, nikamwonyesha pa kusimama, nikamwambia atazame mwenyewe. Chini akahesabu meno manane. Juu hakukuwa na jino hata moja mbele, ila fizi nene, ngumu kama kisigino. "Kumbe hana!" akasema. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali lililo zuri zaidi: "Sasa majani anayakataje?"

Hilo ndilo swali ninalolipenda, kwa sababu jibu lake liko malishoni na halihitaji televisheni. Ng'ombe anatoa ulimi wake mrefu, unaokwaruza kama msasa, anauzungusha kwenye shada la nyasi, analivuta mdomoni, analibana kati ya meno ya chini na ile fizi ya juu, halafu anatupa kichwa. Nyasi zinakatika. Mbuzi na kondoo nao hawana meno ya mbele ya juu, ila wao wanategemea zaidi midomo kuliko ulimi, na ndiyo maana kondoo anaweza kula majani mafupi kabisa ambayo ng'ombe hawezi kuyashika. Magego wanayo wote, juu na chini. Ng'ombe mzima ana meno 32 kwa jumla, idadi sawa na ya baba na mama yako.

Hayo manane ya mbele ndiyo cheti chake cha kuzaliwa. Ndama huwa na meno ya utoto kama mtoto wa binadamu. Akikaribia miaka miwili, mawili ya katikati hung'oka na kuota makubwa, kisha yanafuata mengine, mawili mawili, mpaka anapofika miaka minne au mitano yote yameshabadilika. Ukienda mnadani utaona mnunuzi anamfungua ng'ombe mdomo kabla hajauliza bei. Anasoma umri.

Tangu siku ile nimekuwa nikifikiria watoto wa mji huu. Wengi wanaweza kuniambia mambo ya pengwini na dubu wa barafuni waliyoyaona kwenye simu, lakini hawajawahi kutazama ndani ya mdomo wa mbuzi wa jirani. Kwa hiyo nimeandika yale tu ambayo mtoto anayeishi hapa ziwani anaweza kuyatafuta kwa macho yake, na nitasahihisha mawili matatu ambayo tunawaambia watoto vibaya.

La kwanza ni lile la "matumbo manne". Ng'ombe ana tumbo moja lenye vyumba vinne. Ukitaka kuviona, nenda asubuhi kwa muuza utumbo. Ile nyama yenye manyoya kama taulo ni chumba cha kwanza, kikubwa kuliko vyote. Ile yenye mashimo kama sega la nyuki ni cha pili. Cha tatu kina kurasa kama za kitabu. Cha nne ni laini, chenye utelezi, na hicho peke yake ndicho kinachofanana kazi na tumbo lako.

Chumba cha kwanza ni pipa. Ndani yake wanaishi vijidudu visivyohesabika, vidogo mno kwa macho, na hao ndio wanaoyavunja majani. Ng'ombe mwenyewe hawezi. Anawapa makazi yenye joto na chakula kila siku, wao wanamtengenezea nguvu kutoka kwenye nyasi, halafu wakisukumwa mpaka chumba cha nne, na wao wanameng'enywa. Ng'ombe naye ni mfugaji.

Sasa fanya hivi. Mkute ng'ombe amelala kivulini mchana, ametulia, anacheua. Kaa upande wake wa kushoto, tazama shingo. Utaona donge linapanda kutoka chini kwenda kichwani, kama mpira mdogo unapita ndani ya soksi. Anza kuhesabu anatafuna mara ngapi. Mara nyingi utapata kati ya 40 na 60, kisha atanyamaza, atameza, na donge jingine litapanda. Anaweza kucheua saa nane kwa siku. Mimi nikiingia zizini, kabla ya kipimajoto na kabla ya kumgusa, kwanza natazama kama anacheua. Ng'ombe aliyeacha kucheua ananitia wasiwasi hata kama amesimama vizuri.

Na kile chumba cha sega la nyuki kina jambo moja ambalo naomba watoto wanisaidie. Kwa kuwa ng'ombe huvuta majani kwa ulimi bila kuyachambua, humeza na misumari na vipande vya waya. Vitu vizito hutuama kwenye chumba hicho, na chumba hicho kiko karibu kabisa na moyo. Tumbo likijikunja, waya unachoma. Nimepoteza ng'ombe wazuri kwa waya mfupi kuliko kidole changu cha mwisho. Mtoto anayeokota waya uliotupwa karibu na zizi anafanya kazi ya daktari.

Kuhusu mbuzi nitasema moja tu: mtazame machoni. Mboni yake si duara kama yako, ni mstatili uliolala. Inamwezesha kuona karibu pande zote bila kugeuza shingo. Tena akiinamisha kichwa kula, jicho linazunguka ndani ya kichwa, ule mstatili unabaki umelala sambamba na ardhi. Mwinamie ukajionee.

Tutoke zizini. Mwanza ni Jiji la Miamba, na miamba hiyo ina wenyewe. Ukipanda kivuko kidogo kwenda Saanane, kisiwa kilichoanza mwaka 1964 kama bustani ya wanyama na mwaka 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa, utawakuta pimbi juu ya mawe. Wako pia kwenye vilima vya mtaani. Ni wanyama wa kahawia, wanene, wadogo kama sungura, wasio na mkia, na wageni wengi hudhani ni panya wakubwa. Ndugu wa karibu wa pimbi kati ya wanyama walio hai ni tembo, na nguva wa baharini.

Najua mtoto atakataa. Hata mimi nilikataa nilipofundishwa. Lakini mtazame pimbi akipiga miayo. Yale meno mawili marefu ya juu ni meno ya mbele yanayoendelea kukua, na pembe za ndovu nazo ni meno ya mbele yanayoendelea kukua. Tazama vidole vyake: havina kucha kali kama za paka, vina kucha bapa kama kwato ndogo, isipokuwa kimoja cha mguu wa nyuma anachojikunia. Halafu mimba. Panya hubeba mimba wiki tatu. Pimbi, mwenye umbo la sungura, hubeba miezi zaidi ya saba. Tembo hubeba karibu miezi 22. Ni ukoo usio na haraka.

Nyayo zake ni laini kama mpira na huwa na unyevu, kwa hiyo anapanda jiwe lililosimama wima bila kuteleza. Ila mwili wake hauwezi sana kujitengenezea joto, na ndiyo sababu asubuhi, jua likichomoza tu, unawakuta wamejipanga juu ya jabali, wamelaliana, wanaota jua. Nenda kati ya saa moja na saa mbili. Ukichelewa, watakuwa wameshapata joto na kutawanyika. Ukiona alama nyeupe zinazotiririka kwenye jiwe, ni choo chao. Hutumia mahali pamoja miaka na miaka.

Kwenye mawe hayohayo yuko mjusi mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, anayepiga kichwa juu na chini kama anaitikia salamu. Huyo ni dume anayetangaza kwamba jiwe lina mwenyewe. Jike lake ni la kahawia tu. Kwa lugha ya sayansi anaitwa Agama mwanzae. Ndiyo, jina la mji wetu limo ndani ya jina lake tangu mwaka 1923.

Ufukweni sasa. Kila mtu hapa anamjua mnandi, yule ndege mweusi anayesimama juu ya mawe ya ziwani akiwa amenyoosha mbawa kama anataka kukumbatiwa. Anaanika nguo. Manyoya ya mnandi hulowa, na akilowa anakuwa mzito, anazama kwa urahisi kuwafuata samaki. Akitoka, lazima akauke ndipo aruke vizuri. Mlinganishe na bata wa nyumbani. Mmwagie bata kikombe cha maji mgongoni uone yanavyoteremka. Bata ana tezi ya mafuta karibu na mkia, na siku nzima anachota mafuta hayo kwa mdomo na kujipaka. Wote wawili ni ndege wa maji, ila mmoja riziki yake iko chini na mwingine riziki yake iko juu.

Kiboko je? Watoto wanaambiwa anatoka jasho la damu. Si damu, wala si jasho hasa. Ni ute unaotoka ukiwa hauna rangi, kisha unageuka mwekundu, halafu kahawia. Wanasayansi wa Japani waliuchunguza na mwaka 2004 wakaeleza kwamba rangi zake huzuia miale mikali ya jua, na ile nyekundu huzuia pia bakteria. Kwa mnyama anayepigana mara kwa mara na kuishi kwenye maji machafu, hiyo ni dawa. Jambo la pili: kiboko haogelei kama mnavyodhani. Anatembea na kukimbia juu ya sakafu ya ziwa, anabana pumzi dakika tano hivi. La tatu: ndugu zake wa karibu zaidi si nguruwe, ni nyangumi na pomboo.

Huyu usimtafute kwa miguu. Usiku hutoka majini kwenda kula nyasi, na anarudi alfajiri kwa njia ileile. Mtoto asisimame kati ya kiboko na maji, hata siku moja.

Lakini ajabu kubwa kuliko zote za ziwa hili, kwa maoni yangu, iko sokoni. Nenda Mwaloni, Kirumba, uombe kuonyeshwa kamongo. Ni mrefu kama nyoka mnene, na mapezi yake ni kama kamba mbili mbili zinazoning'inia. Kamongo ana mapafu. Si mfano, ni mapafu kweli, na matamvua ya kamongo mkubwa hayamtoshi, lazima apande juu kuvuta hewa kwa mdomo. Wavuvi wanalijua hili: kamongo akinaswa na wavu chini akashindwa kupanda, anakufa maji. Samaki huyo!

Bwawa likikauka anachimba tope, anajikunja, anatoa ute unaokauka na kuwa kama mfuko unaomzunguka, na anabaki humo kwa miezi, akiishi kwa nyama ya mwili wake mwenyewe mpaka mvua zirudi. Na hili ndilo ninalowaambia wanafunzi nikialikwa shuleni, wakacheka mpaka mwalimu akasimama: kwa ukoo, kamongo yuko karibu na ng'ombe, na wewe, kuliko alivyo karibu na sato aliyelazwa pembeni yake kwenye meza ileile.

Sato naye asidharauliwe. Jike huatamia mayai mdomoni. Wakiangulika, watoto hutoka kuzurura, na hatari ikija wanarudi wote mdomoni mwa mama. Siku zote hizo karibu hali kitu.

Nimalizie na kuku, kwa sababu ya jambo nililoliona Luchelele. Mama mmoja alikosa bata wa kuatamia, akamwekea kuku mayai ya bata. Yai la kuku huanguliwa kwa siku 21. La bata huyu wetu wa kienyeji, mwenye uso mwekundu, huchukua siku 35 hivi. Kuku hahesabu siku. Alikaa wiki mbili za ziada, amekonda, anashuka mara moja tu kwa siku kunywa na kula, mpaka vifaranga saba vikatoka.

Kifaranga cha bata, saa chache baada ya kuanguliwa, hushika sura na sauti ya anayemwona akitembea mbele yake, na huyo ndiye mama. Vile saba vikamshika kuku. Akiita vinakuja, akifukua vinatazama. Siku ya nne akaviongoza mpaka karibu na ziwa. Vilipoona maji havikumsubiri. Viliingia vyote saba, vikaelea kama vimezaliwa humo, na kuku akabaki nchi kavu, anakimbia huku na huku kwenye mchanga, anaita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa kuku mwingine.

Baada ya muda vilitoka, vikajikung'uta, vikajisukuma chini ya mbawa zake vikiwa vimelowa. Akajishusha juu yao, akafumba macho.