Maana ya «Maisha ya Pili» ya Betri ya Gari la Umeme

Mkulima wa Pemba anapochambua karafuu zake, makonyo, yaani vikonyo vilivyoshika karafuu, hayatupi. Bei yake haifiki ya karafuu yenyewe, lakini ndani yake mna mafuta, na kiwanda cha Wawi, karibu na Chake Chake, hupika makonyo hayo kwa mvuke ili mafuta yatoke. Mfano huu una kasoro yake, kwa kuwa konyo halikuwahi kuwa karafuu, ilhali betri ninayotaka kuieleza ni ileile tangu ilipotoka kiwandani. Hata hivyo unamsogeza msomaji karibu na maana. Maisha ya pili ya betri ni hali ya betri iliyotolewa kwenye gari la umeme kwa sababu haifai tena kuliendesha, ikapimwa, kisha ikapewa kazi nyepesi zaidi, ambayo mara nyingi huwa ni kuhifadhi umeme wa jua nyumbani. Katika maelezo hayo, neno lisilopaswa kupita bila kuangaliwa ni «ikapimwa». Betri iliyotoka kwenye gari bila kupimwa haina maisha ya pili. Ni mtumba tu ambao hali yake haijulikani, na muuzaji wake huenda naye haijui.

Dhana hii hutofautiana na mbili zinazochanganywa nayo. Kukarabati betri ni kuirejesha kwenye kazi yake ya awali. Kurejeleza ni kuivunjavunja ili kupata madini yaliyomo, kama vile nikeli, manganizi na lithiamu. Maisha ya pili hayafanyi lolote kati ya hayo, kwani seli, yaani vyumba vidogo vya ndani vinavyohifadhi umeme, hubaki kama zilivyo na uchakavu wake, na kinachobadilika ni mzigo zinaobebeshwa.

Ili kuona kwa nini gari huikataa betri ambayo nyumba huipokea kwa furaha, tuchukue Nissan Leaf ya mwanzo, iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2010. Betri yake ilikuwa na uwezo wa kuhifadhi uniti 24, yaani kilowati-saa 24, zilizogawanywa katika moduli 48, yaani vifurushi vidogo vya seli, na mota yake ilifika kilowati 80. Dereva anapokanyaga mafuta, kama bado tunaruhusiwa kusema hivyo kwa gari lisilo na mafuta, kila moduli hudaiwa zaidi ya wati 1,600 kwa wakati mmoja. Moduli hiyohiyo ikiwekwa pamoja na wenzake sita katika nyumba inayotumia wati 1,000, hudaiwa wati 143 tu. Tena gari hulazimika kubeba betri yake popote liendako, kwa hiyo uwezo ukishuka hadi asilimia 70 safari hufupika na mwenye gari hulalamika, lakini nyumba haiendi popote. Kwa Leaf, dhamana ya mtengenezaji yenyewe iliweka mpaka kwenye alama tisa kati ya kumi na mbili za kipimo cha uwezo wa betri, kiasi ambacho ni karibu na asilimia hiyo 70.

Visiwani hamu ya kuwa na akiba ya umeme haihitaji kuelezwa kwa kirefu. Unguja hupata umeme wake kutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari tangu mwaka 1980, ukaongezwa wa pili mwaka 2013, na Pemba iliunganishwa na Tanga mwaka 2010. Waliokuwapo Unguja wanakumbuka giza la takriban mwezi mmoja lililoanza Mei 2008, na lile la miezi mitatu hivi, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Siku hizi kukatika huwa kwa saa chache, lakini saa chache zinatosha kuharibu samaki kwenye friji.

Sasa tuweke hesabu katika nyumba ya kawaida ya Wete. Moduli moja ya Leaf ilipokuwa mpya ilikuwa na volti 7.5 hivi na ujazo wa ampea-saa 66, sawa na nusu uniti. Moduli saba zikiunganishwa kwa mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, hutoa volti zinazofaa inveta ya volti 48, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, kwa sababu kila moduli ina hatua mbili za seli zilizofuatana, na saba zina hatua 14. Kwa upya wake zingehifadhi uniti 3.5, kwa asilimia 70 zimebaki takriban 2.4. Mwenye busara hajazi betri hadi ukingoni wala haikaushi, kwa hiyo atumie asilimia 80 ya kilichobaki, na inveta nayo itachukua kodi yake ya karibu sehemu moja ya kumi. Kinachofika kwenye soketi ni uniti 1.7 au zaidi kidogo. Taa tano za wati 9 kwa saa tano, feni mbili za wati 50 usiku kucha kwa saa nane, televisheni ya wati 60 kwa saa nne, na friji ndogo inayokula nusu uniti usiku, vyote kwa pamoja vinakaribia uniti 1.8. Yaani betri hiyo inatosha kwa kubana mno, na mwezi wa Ramadhani, nyumba inapokuwa macho hadi daku, haitatosha. Kwa maoni yangu moduli kumi na nne, kila mbili zikifungwa sambamba kabla ya kuunganishwa kwa mfululizo, ndicho kiwango cha chini cha kumfanya mtu asikumbuke kila saa kwamba anatumia betri. Paneli mbili za wati 400 huweza kuleta kama uniti tatu kwa siku ya jua zuri baada ya kutoa upotevu, lakini siku za masika kiasi hicho huweza kushuka hadi nusu au chini ya hapo, na hapo uniti za Tukuza, umeme wa kulipia kabla wa Zanzibar, zitaendelea kununuliwa.

Tunarudi kwenye kupima. Volti peke yake hazisemi kweli: moduli iliyochoka ikichajiwa huonyesha volti sawa na nzima, kama vile tangi lililojaa mchanga nusu linavyoonyesha maji hadi juu. Kipimo cha kuaminika ni kuichaji moduli hadi ijae, kuiacha itulie, kisha kuimwaga polepole kwenye mzigo unaojulikana huku ampea-saa zikihesabiwa hadi volti zifike kikomo cha chini. Tarakimu itakayopatikana ndiyo ujazo wake halisi. Kipimo cha pili ni ukinzani wa ndani, kwa kuwa moduli yenye ukinzani mkubwa hupata joto na volti zake huporomoka friji inapowaka. Kazi hii huchukua saa nyingi kwa kila moduli, na ndiyo maana wengi huiruka. Kuiruka kuna gharama inayohesabika: katika mfululizo mkondo uleule hupita kwenye moduli zote, hivyo sita zenye ampea-saa 46 zikiwekwa na moja yenye 38, seti nzima hufanya kazi kama ya 38, na ile dhaifu ndiyo hujaa kwanza na kukauka kwanza kila siku. Kwa hiyo moduli saba zilizochoka kwa usawa ni bora kuliko saba ambazo baadhi ni nzuri sana na nyingine hoi.

Si kila gari lenye jina la umeme lina betri inayofaa. Magari ya mseto, kama Toyota Prius ya kizazi cha pili, hubeba betri ya nikeli yenye uniti 1.3 tu kwa ujumla, na kuikusanyia paneli betri kama hiyo ni kujenga ghala la kuweka kibaba.

Mfumo hauwi salama bila kifaa cha kusimamia betri, ambacho husoma volti za kila hatua na kukata umeme mojawapo inapovuka mpaka. Moduli ya Leaf ina ncha tatu, ya kati ikiwa imewekwa kwa ajili ya usomaji huo, na kuiacha bila waya ni kuziba jicho moja. Inveta nayo huwa imepangwa kwa betri za maji, ambazo mara kwa mara hupewa chaji ya kusawazisha inayoweza kufika volti 60. Ukigawa 60 kwa hatua 14 unapata karibu volti 4.3 kwa kila seli, ilhali seli hizi hazipaswi kuvuka 4.2, na kuzidisha chaji ni miongoni mwa sababu za seli kupata joto lisilozuilika na kuwaka. Chaji hiyo lazima izimwe, na kikomo kiwekwe volti 57 hivi.

Kulifungua sanduku la betri la gari ni kazi ya fundi aliyefunzwa umeme mkubwa, hata kama fundi wa mtaani ana mkono mwepesi. Likiwa zima lina volti zaidi ya 350, na kichomoleo cha usalama kilichopo katikati hukata betri vipande viwili tu. Kila kipande hubaki na volti 180 hivi, zinazotosha kuua. Cheche ya umeme wa betri pia haijizimi haraka kama ya umeme wa ukutani, kwa hiyo fyuzi na swichi ziwe zilizotengenezwa kwa umeme wa aina hiyo.

Betri ikishaunganishwa, isiwekwe darini chini ya mabati, mahali ambapo mchana wa kaskazi hugeuka tanuri, wala chumbani wanapolala watu, kwa sababu moshi wa seli inayoungua ni sumu. Kibanda cha matofali kilichoachana na nyumba, chenye kivuli na matundu ya hewa yasiyotazama bahari, kinafaa zaidi. Chumvi ya upepo wa pwani hula viungo vya shaba kimya kimya, na kiungo kilichoota kutu hupata joto. Kupaka grisi na kukaza nati upya ni kazi ya kila baada ya miezi michache.

Fundi mwangalifu huandika kwa wino juu ya kila moduli ampea-saa alizozipata na tarehe ya kupima, na hurudia kipimo kila mwaka. Moduli moja ikiporomoka kuliko wenzake, huitoa na kuweka nyingine yenye tarakimu iliyo karibu na ya zile sita zilizobaki, hata kama rafuni anayo iliyo nzima zaidi.