Reli ya Val Venosta: Miaka 100 na Zaidi Katika Bonde la Alpi

Kaskazini kabisa mwa Italia, katika jimbo la Bolzano ambako wakazi wengi huzungumza Kijerumani, Mto Adige hupita katika bonde refu liitwalo Val Venosta, au Vinschgau kwa Kijerumani. Reli ya bonde hilo, yenye urefu wa takriban kilomita 60 kutoka Merano hadi Malles, ilifunguliwa tarehe 1 Julai 1906, wakati eneo hilo lilipokuwa sehemu ya Austria-Hungaria.

Sehemu iliyowapa wajenzi kazi kubwa ipo mwanzoni mwa safari. Merano iko kwenye mwinuko wa mita 300 hivi, ilhali Malles inakaribia mita 1,000, na mara tu baada ya Merano bonde huinuka ghafla kama ngazi. Kwa kuwa treni haiwezi kupanda mteremko mkali kama apandavyo mbuzi, njia ililazimika kuzunguka ubavuni mwa mlima na kupenya mahandaki hadi Töll, ambako abiria huuona mji alioondoka ukiwa chini yake.

Malles haikukusudiwa kuwa kituo cha mwisho. Mpango ulikuwa kuvuka milima hadi Landeck, mji wa Austria ulio kwenye reli ya Arlberg, na kazi ilikwisha kuanzwa mwaka 1918, lakini mwaka huohuo dola ikasambaratika, na baadaye bonde likakabidhiwa Italia. Mpaka mpya ukawekwa palepale ambapo treni ilitarajiwa kupita. Kwa maoni yangu, hapo ndipo reli hii ilipopata ulemavu wake: iliyobuniwa kuwa njia ya kupitia ikabaki kuwa tawi lisilo na mwendelezo, likisafirisha wanakijiji, matofaa na marumaru nyeupe ya Laas, kijiji cha bonde hilo.

Magari yalipoongezeka, shirika la reli la taifa liliona hasara tu, na mwaka 1990 huduma ikasitishwa. Nyasi zikaota kati ya mataruma. Wenyeji, hata hivyo, hawakuacha kuidai reli yao, na serikali ya jimbo ilipokabidhiwa njia hiyo mwaka 1999, iliikarabati na kuifungua tena tarehe 5 Mei 2005. Haikutosha kurudisha treni zilezile: yaliletwa mabehewa mapya yenye sakafu ya chini, ratiba ikapangwa kwa vipindi vinavyokaririka kwa urahisi, na mabasi yakapangiwa kuipokea treni stesheni. Abiria walizidi matarajio. Hata waendesha baiskeli walinufaika, kwani wengi hupanda treni hadi Malles kisha hushuka bondeni kwa baiskeli, jambo ambalo miguu yao huliafiki bila ubishi.

Njia hii imepata pia msiba. Tarehe 12 Aprili 2010, karibu na Laces, udongo uliolowa maji yaliyovuja kutoka mfumo wa kumwagilia mashamba uliporomokea treni, na watu 9 wakafariki. Hayo yalikuwa maji yaleyale ya kilimo yanayolisha matofaa ya bonde.

Siku hizi kazi ya kuiwekea njia hiyo umeme ili kuachana na dizeli inaendelea. Anayetaka kufika Landeck kutoka Malles, hata hivyo, bado hushuka stesheni na kutafuta basi.