Usafi wa makro ni zaidi ya gensym

Kila makro za Scheme, lugha ya programu ya ukoo wa Lisp, zinapozungumzwa, haikosi mtu wa kusema kwamba makro safi ni ile "inayojifanyia gensym yenyewe", yaani inayojiundia majina mapya yasiyogongana na mengine. Nusu ya kauli hiyo ni kweli. Nusu iliyoachwa nje ndiyo inayowatesa watu wanaotumia makro safi na chafu katika programu moja.

Maana yenyewe ni fupi. Makro huandika msimbo mpya mahali pa ule alioandika mtumiaji, kabla programu haijaendeshwa. Ni safi ikiwa kila jina katika msimbo huo mpya linabaki na maana liliyokuwa nayo pale lilipoandikwa. Lililotoka kwa mtumiaji linamaanisha anachokiona mtumiaji, na lililotoka kwenye kiolezo cha makro linamaanisha anachokiona mwandishi wa makro. Kwa hiyo usafi una pande mbili, na gensym inagusa upande mmoja tu.

Upande huo kila mtu anaujua:

```
(define-macro (badilisha! a b)
  `(let ((muda ,a))
     (set! ,a ,b)
     (set! ,b muda)))
```

Ukiandika `(badilisha! x y)` mambo ni shwari. Ukiandika `(badilisha! muda kasi)`, hakuna kinachobadilika na hakuna kosa linaloripotiwa: `muda` ya makro imeimeza `muda` yako. Hapa gensym inatosha kabisa, maana inaunda jina ambalo hakuna mtu mwingine anayeweza kuwa nalo.

Sasa chukua makro `hakikisha`, inayopima sharti na kuita utaratibu `lalamika` sharti lisipotimia. Mtumiaji, bila kujua lolote kuhusu undani wa makro, ana `lalamika` yake ndani ya `let` yake. Makro chafu itaita ya mtumiaji. Gensym haina la kufanya hapo, kwa sababu hatutaki jina jipya. Tunataka jina la zamani, lile lile lililokuwepo makro ilipoandikwa. Na katika Scheme shida hii ni kubwa kuliko katika Common Lisp, lugha nyingine ya ukoo huo. Huko taratibu na thamani za kawaida zina nafasi tofauti za majina, kuna mfumo wa pakiti, na kiwango kinakataza kuyapa maana mpya majina yake rasmi. Scheme ina nafasi moja ya majina, na hata `if` au `let` mtu anaweza kuipa maana yake ndani ya eneo lake. Ndiyo maana watu wa Scheme walilishikia bango jambo hili tangu makala ya Kohlbecker, Friedman, Felleisen na Duba ya mwaka 1986, wakati wenzao wa Common Lisp waliendelea na shughuli zao.

Kauli ya pili inayoniudhi, tena zaidi, inahusu njia mbili za kuandika makro katika Scheme: kwamba `syntax-rules` ni safi na `syntax-case` ni chafu. Hapana. `syntax-case`, iliyoingia rasmi kwenye R6RS, kiwango cha Scheme cha mwaka 2007, ni safi isipokuwa pale unapoiamuru vinginevyo, kwa `datum->syntax` inayolipa jina muktadha uliouchagua wewe, na kwa jina moja moja. Upande wa pili kuna njia nyingine, `er-macro-transformer`: majina unayoyaandika mwenyewe ni machafu mpaka uyapitishe kwenye `rename`. CHICKEN, mojawapo ya Scheme zilizopo, ina hiyo pamoja na kinyume chake, `ir-macro-transformer`, ambamo kila jina ni safi mpaka uliingize kwa makusudi. Ukizitazama zote tatu pamoja utaona kwamba usafi ni sifa ya jina, wala si cheo cha makro. Makro moja inaweza kuwa na majina kumi safi na moja lililovunjwa kwa makusudi, na makro nyingi nzuri ziko hivyo hivyo.

Ukilielewa hilo, suala la kuzifanya zikae pamoja linabadilika sura. Tuseme tunataka makro inayompa mtumiaji jina `hiki` bila yeye kulitambulisha:

```
(define-syntax kama-ipo
  (lambda (x)
    (syntax-case x ()
      ((k e ndiyo sivyo)
       (with-syntax ((hiki (datum->syntax #'k 'hiki)))
         #'(let ((hiki e))
             (if hiki ndiyo sivyo)))))))
```

`(kama-ipo (assv 3 orodha) (cdr hiki) #f)` inafanya kazi. Kisha mtu anaifunika kwa makro safi:

```
(define-syntax ikipatikana
  (syntax-rules ()
    ((_ e tendo) (kama-ipo e tendo #f))))
```

Anaandika `(ikipatikana (assv 3 orodha) (cdr hiki))` na kuambiwa `hiki` haijulikani. Hapo lawama huangukia usafi, kwamba ni kikwazo. Lakini soma tena tulichoomba: `hiki` ipewe muktadha wa `k`, yaani wa neno `kama-ipo` mahali lilipoandikwa. Mara hii neno hilo halikuandikwa na mtumiaji. Limetoka kwenye kiolezo cha `ikipatikana`, kwa hiyo `hiki` nayo imepata chapa (alama ya mahali jina lilipotoka) ya kiolezo hicho, ilhali `hiki` iliyo ndani ya `tendo` ina chapa ya mtumiaji. Ni majina mawili yanayofanana kwa herufi tu. Mfumo umefanya ulichouagiza.

Jibu la kawaida la hasira ni kurudi kwenye `define-macro`, ile ya mfano wa kwanza. Tatizo linahama tu. Kwenye Guile, Scheme nyingine, kwa mfano, `define-macro` imejengwa juu ya `syntax-case`: inavua chapa zote kwenye ulichoipa, inaita utaratibu wako ukiwa na alama tupu, kisha inavisha matokeo yote muktadha mmoja. Makro safi ikiiita na kuipitishia `t` yake pamoja na `t` ya mtumiaji, zinaingia mbili, inatoka moja. Makro safi inaweza kuita chafu, ndiyo, lakini haiwezi kumlinda mtu dhidi ya kinachotokea humo ndani.

Dawa ya `hiki` ni vigezo vya sintaksi (syntax parameters), vilivyoelezwa na Barzilay, Culpepper na Flatt mwaka 2011; vipo Guile na Racket, lugha iliyotokana na Scheme, na SRFI 139, moja ya hati za mapendekezo ya Scheme, inavipendekeza kwa Scheme nyingine. Unaitambulisha `hiki` mara moja, hadharani, kama jina la kawaida lenye makao yake. `kama-ipo` haiundi `hiki` mpya tena. Inabadilisha maana ya ile iliyopo kwa muda wa kipande kimoja cha msimbo. Kwa kuwa mtumiaji na makro zote wanaelekeza kwenye jina lile lile, ukifunika makro mara tano bado inafanya kazi, na usafi haujavunjwa popote. Sharti lake ni kwamba mtumiaji awe ameileta `hiki` kwenye programu yake kama anavyoleta jina lingine lolote. Naona hiyo ni haki.

Na kuna njia ya nne ambayo haihitaji chombo chochote: mwache mtumiaji alitaje jina mwenyewe, `(kama-ipo jozi (assv 3 orodha) (cdr jozi) #f)`. Jina limetoka kwake, kwa hiyo linashika msimbo wake, na `syntax-rules` ya R5RS, kiwango cha mwaka 1998, inalimudu bila hila. Nusu ya makro "chafu" ninazozisoma zingeweza kuandikwa hivi.

Basi ukitaka kuisema vizuri makro kama ile `kama-ipo` ya kwanza, usiseme "hii ni makro chafu". Sema inavunja usafi kwa jina `hiki`, na inalitundika kwenye muktadha wa neno lake yenyewe. Anayetaka kuifunika atajua aanzie wapi.