Elimu jumuishi sio idadi ya majina kwenye rejista

Siku hizi kila mkutano wa wazazi lazima mtu asimame aseme "shule yetu ni jumuishi, tuna watoto wanne wenye ulemavu", watu wanapiga makofi, alafu tunarudi kwa mambo ya pesa za posho, ule ugali wa watoto. Jamani.

Maana yenyewe ni fupi. Elimu jumuishi ni shule kujibadilisha, namna ya kufundisha, mitihani, majengo mpaka michezo, ili mtoto yeyote asome na acheze na watoto wenzake. Anayebadilika ni shule, sio mtoto. Basi.

Shida ni kwamba tunachanganya vitu. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za watu wenye ulemavu ilishaeleza hii tangu 2016: kuna mtoto kunyimwa shule kabisa, kuna kutengewa pahali pake peke yake, kuna kuchanganywa na wengine, alafu ndo kuna kujumuishwa. Hiyo ya tatu ndio hapa kwetu Uganda inavaa jina la ya nne. Unamleta mtoto asiyeona darasa la nne, unamkalisha dawati la mbele, mwalimu anaandika ubaoni kimya kimya anageuka anasema "nakilini". Huyo amechanganywa tu, na kamati ilisema wazi kumweka mtoto darasani bila kubadilisha ufundishaji sio ujumuishi. Ile yuniti ya nyuma ya shule nayo, yaani darasa la watoto wenye ulemavu peke yao, kama watoto wake hawakutani na wengine hata saa ya chakula, huko ni kutengewa, sema tu uzio ni mmoja. Na sisemi yuniti ni mbaya, mtoto kiziwi anahitaji pahali watu wanaongea kwa ishara, lugha ya ishara yenyewe imetajwa mpaka kwa Katiba ya 1995.

Nadhani mazoea yalianzia kwa UPE, ule mpango wa serikali wa elimu ya msingi kwa wote. Ilipoanza 1997 ilikuwa watoto wanne kila familia, na mwenye ulemavu anapewa nafasi kwanza, jambo zuri sana, lakini tukabaki na mawazo kwamba jina likishaingia kwa rejista kazi imeisha.

Sasa inayonikera kuliko zote ni breki, saa ya mapumziko. Wasichana wanacheza kwepena, wawili wanarusha mpira huku na huku, wa katikati wanakwepa, na yule wa wilchea yuko kwa veranda, amepewa kulinda masweta. Mwalimu anaona sawa tu, ati asiumie. Mkataba wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Uganda iliridhia 2008, ibara ya 30 inataja kabisa mchezo, kwamba watoto hawa washiriki sawa na wengine, na inaongeza hata ndani ya shule. Ule wa haki za mtoto nao uliweka mchezo kwa ibara ya 31, na huo tuliuridhia 1990. Kwa hiyo mchezo sio zawadi ya mtoto aliyemaliza hesabu.

Na wala haihitaji mfadhili. Huyo wa wilchea mikono anayo, awe mrushaji, na zamu ya kukwepa ikifika wasogeze mistari, uwanja uwe mpana, asukumwe na mwenzake. Mpira wa asiyeona ufunge ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki, unachakacha, anausikia unakotoka (kaveera zimekatazwa najua, lakini kwenye kila duka zipo). Ukiwauliza watoto wenyewe watakubadilishia sheria za mchezo kabla hujamaliza kuongea, wakubwa ndo tunasubiri semina.

Kwa hiyo hedimasta wangu, kwa heshima zote, mkutano ujao sema "tumeandikisha watoto wanne wenye ulemavu", hiyo ni kweli na ni ya kupongezwa. Neno jumuishi liweke pembeni kwanza, tuanze na yule wa masweta.