Kabla hujasema mtu ana jeni ya uhalifu, uliza walipimwa akina nani

Nikifundisha kriminolojia, yani elimu ya uhalifu, lazima atokee mtu aseme mtoto wa nyoka ni nyoka, yani baba kama ni mwizi basi mtoto naye wizi uko damuni. Mimi sipingi kwamba baiolojia ina mchango wake, unao kabisa, ila kabla ya yote nataka kujua hao waliopimwa walitolewa wapi.

Chukua hii ishu ya kromosomu Y ya ziada (kromosomu ni vile vifurushi vya jeni ndani ya seli). Mwanaume kwa kawaida ana X moja na Y moja, lakini kama mmoja kati ya 1,000 hivi anazaliwa na Y mbili. Mwaka 1965 mtafiti wa jeni Patricia Jacobs na wenzake walipima wanaume 197 kwenye hospitali ya Carstairs kule Scotland, hospitali yenye ulinzi mkali ya wagonjwa walioonekana hatari, wakakuta 7 wana Y mbili. Ni wengi mno, na magazeti yakaidaka, ikawa Y mbili maana yake muuaji. Hadi Richard Speck, yule aliyeua wanawake 8 Chicago mwaka 1966, wengi wao wakiwa wanafunzi wa uuguzi, ikatangazwa naye anazo, kumbe vipimo vikaonyesha ana XY ya kawaida kabisa.

Shida ni kwamba walitafuta palepale walipofungiwa watu wenye matatizo. Wale wenye Y mbili wanaofanya kazi zao na kulea watoto wao nani aliwahesabu? Wengi wao hata hawajui kama wanayo, maana hakuna kinachowapeleka kupima.

Ndo maana naupenda utafiti wa Denmark, ule wa mwanasaikolojia Herman Witkin na timu yake wa 1976, kwa sababu hawakwenda gerezani, walichukua wanaume warefu wa Copenhagen (Y mbili huongeza urefu), wakapima 4,139 na kupata 12 tu. Kati ya hao 12, 5 walishawahi kutiwa hatiani, wakati kwa wale wa XY ni kama asilimia 9. Tofauti ipo, lazima tuikubali. Ila makosa yao kwa sehemu kubwa hayakuwa ya kumdhuru mtu, na kwenye vipimo vya akili walipata alama za chini, sasa ni Y ndo inaleta uhalifu au ni mtu ambaye shule ilimshinda, kazi hapati, na akiiba anakamatwa fasta? Halafu watu 12 jamani, wawili tu wakihama upande picha yote inabadilika.

Jeni ya MAOA, inayohusika na kuvunja baadhi ya kemikali za ubongo, nayo watu wanaiita ya mashujaa wa vita, jina ambalo silipendi hata kidogo. Utafiti wa Dunedin, New Zealand, uliotoka 2002, uliwafuatilia watoto toka wadogo mpaka miaka 26, na waliokuwa na aina dhaifu ya jeni hiyo walionyesha ukorofi zaidi pale walipokuwa wameteswa utotoni. Wenye jeni hiyohiyo waliolelewa vizuri hawakuonyesha hilo. Na aina hiyo dhaifu wanayo kama theluthi ya wanaume wa asili ya Ulaya, kwa hiyo wakili akinyanyua karatasi ya maabara mahakamani kumtetea mtu kwa jeni hiyo, swali langu kwake ni moja: huyu mteja wako alilelewaje?