Hakuna kitu kinachoitwa "msaada wa mkopo"

Nimelisikia tena juzi, safari hii kwenye kipaza sauti. Mgeni rasmi alisimama mbele ya kina mama waliovaa sare za vitenge, akatangaza kwamba halmashauri "imewapa msaada wa mikopo". Vigelegele vikapigwa. Jioni redio ikalirudia vilevile, na kesho yake nikalikuta kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wetu. Nimenyamaza mara nyingi. Leo naandika.

Maana kwanza, na kwa ufupi, kwa kuwa anayesoma hapa ameshawahi kukopa. Mkopo ni mali ya mwingine unayoichukua kwa makubaliano kwamba utairudisha, kwa kiasi kilekile au na nyongeza, ndani ya muda fulani. Msaada unapewa kwa sababu una shida, na ukishatoka mkononi mwa mtoaji haurudi. Ruzuku ni msaada uliowekewa utaratibu: una bajeti, una orodha ya wanaostahili, mara nyingine una masharti, lakini nao haurudi. Basi. Shida haiko kwenye maana hizi, iko pale tunapoyafunga maneno mawili kitanzi kimoja kana kwamba la kwanza linalipamba la pili.

Tulitazame neno lenyewe. Wazee wetu walitenganisha kuazima na kukopa, na ni hasara kwamba vijana wanayachanganya. Ukienda kwa jirani ukachukua jembe, umeazima. Jioni unarudisha jembe lilelile. Ukichukua kikombe cha sukari, umekopa. Ile sukari imeshanywewa kwenye chai, hairudi. Utakayorudisha ni nyingine, utakayoitafuta mwenyewe. Kwa hiyo ndani ya kukopa kuna mambo mawili: ruhusa ya kuitumia mali mpaka iishe, na ahadi ya kutafuta nyingine ya kuziba pengo. Mama anayekopa laki tatu akanunue dagaa, zile laki tatu zinaisha sokoni siku hiyohiyo. Rejesho analolipa mwisho wa mwezi halitoki kwenye mkopo. Linatoka kwenye miguu yake, kwenye kuamka saa kumi alfajiri, kwenye kukaa juani na sinia. Pesa ile ameizalisha yeye.

Sasa tazama kitenzi cha mwenye pesa. Hatusemi "anamkopa", tunasema anamkopesha, yaani anamfanya mwenzake akope. Anayekopa bado ni mama. Tendo ni lake, benki au halmashauri imelisababisha tu. Kwenye kusaidia mambo yamepinduka: msaidizi ndiye mtendaji, mama ni mtendwa, kazi yake ni kupokea. Unaposema "kina mama wamesaidiwa mikopo", umemwondoa mtu kwenye tendo lake mwenyewe kwa silabi chache.

Na msaada si neno baya, nisieleweke vibaya. Limetoka kwenye Kiarabu, kwenye mzizi uleule uliotupa majina ya Saada, Saidi na Masudi, na ndani yake mna bahati na furaha. Ruzuku nayo ni ndugu wa tumbo moja na riziki. Mwenyezi Mungu huruzuku, na anayeitwa Abdulrazak ni mtumwa wa Mwenye kuruzuku. Hakuna mtu anayerejesha riziki kwa awamu. Neno linafaa kabisa kwa kitu kinachotolewa bila kudaiwa, na ndiyo maana wanaotumia neno ruzuku kwa fedha za TASAF, mfuko wa serikali ya Tanzania unaosaidia kaya maskini, wanasema sawa. Pwani wazee wanalo pia neno karadha, la mkopo usio na riba, nalo asili yake katika Kiarabu ni kukata: mwenye mali anakikata kipande cha mali yake akupe ukakitumie, kisha kirudi mahali pake. Lugha ina neno kwa kila hali, na hakuna hata moja linaloomba kuunganishwa na jingine.

Nadhani najua kwa nini tunalificha neno mkopo. Kamusi za mwanzoni mwa karne ya 20 zinakipa kitenzi kukopa maana mbili: kuchukua kwa deni, na kulaghai. Mkopi alikuwa mtu wa kuchukua mali ya watu, na pia alikuwa mjanja wa kuogopwa. Maana hiyo ya pili siisikii tena mitaani, lakini kivuli chake kimebaki kwenye methali: kukopa harusi, kulipa matanga. Basi mtu mwenye adabu akitaka kuwatangaza kina mama hadharani, anaona vibaya kusema "wamekopa", anatia msaada mbele ili waonekane wamepewa heshima. Nia ni njema, lakini heshima haipo hapo. Mwanamke aliyekopa milioni moja akarejesha milioni moja hana deni la shukrani kwa mtu yeyote. Wamemalizana.

Nitaeleza kitu ninachokiona kila Jumamosi, kwa kuwa kinafundisha kuliko kamusi. Mama yangu mdogo ni mwanachama wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, nami huenda kumsaidia kuandika daftari kwa sababu macho yake yamechoka. Sanduku lao la bati lina kufuli tatu. Wanakuja wanawake watatu, kila mmoja anafungua pindo la khanga yake na kutoa ufunguo mmoja, na mmoja akikosekana sanduku halifunguki. Ndani kuna mifuko miwili ya kitambaa. Mmoja ni wa hisa, ndimo inamotoka mikopo. Mwingine ni mfuko wa jamii. Mwenyekiti huanza na huo wa jamii: "Jumamosi iliyopita tulifunga na shilingi ngapi?" Wote wanataja kiasi kwa sauti moja, kisha zinahesabiwa mbele yao. Hapo tu ndipo mfuko wa pili unaguswa. Fedha za mifuko hiyo haziwekwi pamoja mezani hata dakika moja.

Kuna siku nilimwona mama mmoja, muuza dagaa, akipita kwenye mifuko yote miwili asubuhi moja. Mwanawe alikuwa amelazwa. Kutoka mfuko wa jamii alipewa elfu ishirini. Mweka hazina akamkabidhi kwa mikono miwili, akasema, "Pole dada, Mungu amponye." Hakuna aliyemuuliza neno. Nusu saa baadaye mama yuleyule akasimama kuomba laki tatu. Hapo nyuso zikabadilika. Unakwenda kufanyia nini? Dagaa wa Mwanza au wa Kigoma, na bei ikoje sasa? Utarejesha kwa miezi mingapi? Nani anakudhamini? Alijibu yote kwa sauti kavu, akatia saini, nami nikaandika tarehe ya rejesho la kwanza kwenye kijitabu chake. Huruma ya nusu saa iliyopita haikuingizwa kwenye mkopo, na masharti ya mkopo hayakuingizwa kwenye ile pole. Wanawake wale, wengi wao wameishia darasa la saba, wana mifuko miwili kwa sababu wanajua ni vitu viwili. Sisi wenye vipaza sauti tunavimwaga kwenye kapu moja.

Utaratibu huo umesafiri mbali kabla ya kufika kwetu. Ulianzia Niger mwaka 1991, katika eneo la Maradi, kwenye mradi wa shirika la CARE ulioitwa kwa Kihausa Mata Masu Dubara, yaani wanawake wenye mbinu. Shirika halikugawa pesa. Liliwafundisha wanawake kuweka akiba yao wenyewe, kukopeshana na kugawana mwisho wa mzunguko. Vikoba vyetu ni wajukuu wa mradi ule, na tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vinatambuliwa rasmi katika daraja la nne, lile la vikundi vya kijamii. Sasa fikiria kuviita msaada. Nani amemsaidia nani, wakati pesa zote mle sandukuni ni zao?

Neno likikosewa, hesabu nazo hukosewa. Mwaka 2006 serikali ya awamu ya nne ilianzisha mpango wa mikopo kupitia benki, shilingi bilioni moja kwa kila mkoa. Ulikuwa na jina rasmi refu, lakini watu wakauita Mabilioni ya JK, yaani ya Rais Jakaya Kikwete. Tazama hicho kihusishi "ya": kikasikika kama pesa za Rais anazowagawia watu wake, na wapo waliochukua wakiamini ni zawadi. Zawadi hairudishwi. Tuliyapata yaleyale kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo tangu 2018 imewekwa kisheria kama mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Marejesho yakawa hayarudi, vikundi hewa vikagundulika, na mwaka 2023 mikopo hiyo ikasimamishwa mpaka mwaka uliofuata. Sisemi neno moja ndilo lililosababisha yote; ubadhirifu una mikono yake. Lakini kikundi kinachosikia "msaada" siku ya uzinduzi na "deni" siku ya ufuatiliaji kina haki ya kuhisi kimegeukwa. Aliyekosa mkopo wakati dirisha limefungwa ni mama wa kikundi kingine, ambaye hakumdanganya mtu.

Kuna upande wa pili wa kosa hili, nao unaniuma zaidi: kumpa mkopo mtu anayehitaji msaada. Kila anayezungumzia mikopo midogo huanza na Muhammad Yunus, aliyetoa dola 27 mfukoni mwake mwaka 1976 kwa watu 42 wa kijiji cha Jobra, Bangladesh, wakiwemo watengeneza vigoda vya mianzi waliokuwa wamefungwa na deni la wafanyabiashara. Benki ya Grameen ikazaliwa 1983, na 2006 yeye na benki wakapata Tuzo ya Nobel ya Amani. Ni historia nzuri, lakini haikuishia hapo. Mwaka 2015 zilichapishwa pamoja tafiti sita, kutoka Bosnia, Ethiopia, India, Mexico, Mongolia na Moroko, na kwa ujumla zikaonyesha kwamba mikopo midogo huwapa watu uhuru zaidi wa kupanga kazi na matumizi yao, ila kwa wastani haiwatoi kwenye umaskini. Wenye biashara inayotembea hunufaika. Asiye na kitu kabisa hana mahali pa kuupanda mkopo.

Bangladesh hiyohiyo ndiko walikoliona hilo mapema. Shirika la BRAC, lenyewe likiwa mkopeshaji mkubwa, lilikiri kwamba wanawake maskini kuliko wote hawafikiwi na mikopo yake, na mwaka 2002 likaanza mpango mwingine. Mama alipewa mfugo bure, ng'ombe au mbuzi, akapewa posho ya chakula kwa muda ili asimuuze yule mnyama kwa njaa, na mtu wa kumtembelea kila wiki. Mkopo ulikuja baadaye, kwa aliyefika hapo. Mpango wa namna hiyo ulipopimwa katika nchi sita, Ethiopia na Ghana zikiwemo, matokeo yalikuwa mazuri na yalidumu hata baada ya msaada kwisha. Kwetu, Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF umekuwa ukitoa ruzuku ambayo kwa kaya nyingi mpokeaji ni mwanamke, na baadhi yao wameanzisha vikundi vya akiba humohumo. Hiyo ni njia ya haki: ruzuku ikiitwa ruzuku, kisha akiba, kisha mkopo ukiitwa mkopo.

Wanaolipenda neno msaada kuliko wote ni wakopeshaji wa kausha damu, wale wa mikopo ya haraka yenye riba kubwa. Wanapita mlango kwa mlango, "mama, tumekuja kukusaidia", dakika kumi pesa iko mkononi. Rejesho likichelewa siku mbili wanabeba jiko la gesi, friji, hata godoro. Mama aliyezoea kusikia mkopo ukiitwa msaada anakuwa amenyang'anywa lile swali la kwanza ambalo lingemlinda: narudisha ngapi?

Kwa hiyo naomba, kwa upole, kwa yeyote anayeandaa hotuba au taarifa. Sema halmashauri imewakopesha kina mama wa kikundi fulani milioni kumi, bila riba, watazirejesha kwa miezi kadhaa. Wakimaliza, rudi na kipaza sauti useme wamerejesha, maana hilo halitangazwi kamwe. Fedha za TASAF ziite ruzuku. Elfu ishirini ya mtoto aliyelazwa, wale kina mama wanaiita mkono wa pole. Na kama mezani kwako kuna karatasi iliyoandikwa "msaada wa mikopo", futa neno la kwanza. Sentensi itasimama vizuri bila hilo.