Kupatia mara nyingi si kupata faida

Pale soko la mahindi la Kibaigwa, wilayani Kongwa, mfanyabiashara husifiwa kwamba hakosei: katika mizigo 10 iliyo sawa, 7 imemlipa. Basi watu wanadhani huyo anatajirika. Si lazima. Tuseme hiyo 7 kila mmoja ulimpa faida ya shilingi 3,000 kwa gunia: jumla 21,000. Ile 3 aliyoing'ang'ania bei ikiporomoka, kila mmoja ukamla 10,000: hasara 30,000. Kapungukiwa 9,000, na ushuru sijaugusa bado. Mwenzake anayehatarisha 10,000 kutafuta 30,000 akipatia mara 1 tu kati ya 4, mtaji wake uko palepale. Kwa hiyo kabla hujanunua, andika bei mbili: ya kuuzia ikipanda, na ya kuuzia ikishuka.